Nyembe Ndani ya Gunia la Ndengu

Alhamisi, Kithimani. Baridi ya Julai. Jua halijatoka tangu asubuhi, na hata likitoka leo sioni litanisaidia nini.

Naandika na kidole kimoja kwa sababu kile kingine kimefungwa kitambaa. Lakini naandika. Shule niliacha darasa la tatu, niliacha mwenyewe, haikunishinda. Binti yangu Wanza ndiye alinifungulia hii blogu kwa simu baada ya kumzika mama yake. Aliniambia niandike kile ninaona, nisikae nikiongea na kuku. Sasa nyinyi ndio kuku wangu.

Wacha niseme kwanza mimi ni nani, msije mkafikiri hii ni habari ya mzee mjinga. Mimi ni fundi wa mawe. Nyumba nyingi za mawe mnaona kutoka hapa hadi Matuu, kona zake ni mkono wangu, na hakuna moja imepasuka. Kidevu changu nanyoa kila asubuhi, bila kioo, na ule wembe wa kawaida wa makali mawili. Vijana wanaenda kwa kinyozi na mashine ya stima na bado wanatoka vipele. Mimi sijui kipele.

Lakini kuna kitu sikujua.

Miaka hiyo yote, wembe ukiisha makali nilikuwa nauweka kwa dirisha. Kesho yake haupo. Kavata, mke wangu, alikuwa anautoa. Alikuwa anaupeleka wapi sikuuliza hata siku moja. Kwangu ilikuwa kama povu la sabuni, limeisha limeisha.

Alipoenda, nyembe zilianza kukaa. Mmoja, halafu mwingine juu yake, mpaka ubao wa dirisha ukashika madoa ya kutu. Siku moja nikazikusanya zote pamoja na makaratasi, nikatupa kwa shimo la takataka, nikawasha moto. Moto naujua mimi. Nimechoma matofali. Nilisema kitu chembamba namna hiyo hakiwezi kupona.

Wembe hauchomeki. Unakuwa mweusi tu, unafanana na ganda la ndengu lililokauka.

Mwezi wa pili nilivuna ndengu, nikapura peke yangu. Ndengu ukiiweka hivi hivi wadudu wanaimaliza, kwa hivyo sisi huku tunaichanganya na jivu. Kavata alikuwa anatoa jivu kwa mafiga yake, jivu la kuni peke yake, halafu anachekecha mpaka linakuwa laini kama unga. Lakini hayo mafiga yamelala baridi tangu aende. Mimi napika na gesi ndogo, na gesi haina jivu. Basi nikachota jivu la shimo la takataka. Sikuchekecha. Jivu ni jivu, nilisema, tena kwa sauti, nikicheka vile wanawake wanajifanya hiyo kazi ni ngumu.

Jumapili Wanza alikuja kuniona. Nikampimia ndoo nzima ya ndengu. Nilijisifu mpaka nikamchosha. Nikamwambia aangalie vizuri, hakuna mdudu hata mmoja, na nimefanya bila mtu kunionyesha. Akabeba ndoo yake akarudi kwake Syokimau.

Jana jioni akanipigia. Akasema nisiguse zile ndengu mpaka yeye aje Jumamosi, ati amesikia zikikaa sana na jivu zinaharibu tumbo. Nilibisha. Ndengu ya jivu nimekula tangu nimeze kitu cha kwanza. Akaniomba tena, kwa upole. Nikakata simu.

Ndiyo maana leo asubuhi niliingiza mkono kwa gunia. Ni ubishi tu. Hata njaa sikuwa nayo.

Kidole kilipasuka kabla sijasikia uchungu. Nilidhani ni kijiti. Nikachambua na ule mkono mwingine, polepole, nikautoa. Wembe wangu, mweusi.

Nilitandaza turubai uani, nikamwaga gunia lote. Halafu nikatoa sumaku kwa spika ya redio iliyokufa, nikaifunga kamba, nikaanza kuivuta juu ya ndengu. Hiyo akili nilitoa kwa kichwa changu mwenyewe. Jirani yangu Mutiso alikuwa anapita na ng'ombe wake, akasimama kwa ua.

"Mzee, kumbe siku hizi ndengu zinavuliwa kama samaki?"

Nikamwambia natafuta madini. Akasema nikipata dhahabu nisimsahau, akaenda akicheka. Siku nyingine ningemjibu mpaka ng'ombe wake waone aibu. Leo niliendelea kuvuta sumaku.

Sumaku ilitoa wembe mzima, ikatoa nusu, ikatoa kipande kidogo kama ukucha wa mtoto. Hivyo vipande ndivyo vilinimaliza. Sikuhesabu nyembe wakati nazichoma. Kwa hivyo hata nikichambua mpaka nizeeke mara ya pili, hakuna siku nitasema zimeisha. Hakuna mtu nitamwekea sahani ya hizi ndengu nimwambie kula.

Na ile ndoo ya Wanza? Nilikuwa naikumbuka tangu asubuhi. Nilikuwa najifanya siikumbuki.

Siku ya mazishi Wanza alisema mbele ya ukoo mzima kwamba nitakaa hapa peke yangu mpaka siku ataona nimeshindwa, na siku hiyo anakuja kunichukua. Nikamjibu, na wote wakisikia, kwamba hapa nitatolewa nikiwa nimelala. Kwa hivyo kumpigia simu ni kusema nimeshindwa. Lakini kule kwake kuna mtoto wa miaka mitano. Naye anaitwa Kavata, jina la nyanya yake, na anapenda sana kuchagua ndengu na mamake kwa sinia.

Nilipiga.

Wanza amebeba jina la mama yangu, ndiyo mimi humwita Mwaitu, kwa Kikamba ni mama.

"Mwaitu," nikasema, "ile ndoo usiipike. Imwage."

Nilisikia sufuria ikiwekwa chini.

"Nilimwaga Jumatatu, Baba."

Alikuwa anajua. Wembe ulimpata mtoto kwa kidole, akapelekwa kushonwa. Wanza alikuwa anakuja Jumamosi atoe gunia aseme limeingia unyevu, basi, yaishe hivyo. Yale maneno ya tumbo alikuwa amenitungia. Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Ulikuwa umezifurahia hizo ndengu sana," akasema.

Angenigombeza ningejua la kujibu. Hiyo ndiyo kazi yangu, kujibu. Lakini aliongea na mimi vile mtu anaongea na mtoto aliyekojoa kitandani. Akasema Jumamosi anakuja na gari, nipange nguo zangu, nikae na wao kidogo. Mimi najua hiyo kidogo ni kiasi gani.

Nikasema sawa.

Mimi. Sawa.

Jioni nimerudisha ndengu zote kwa lile shimo la takataka, nikafukia na udongo. Mvua ikija zitaota, na hakuna mtu atavuna. Zile nyembe nilizopata nimetia kwa mkebe wa kakao. Nilitoboa kifuniko na patasi, mwanya mwembamba wa kupitisha wembe tu, nikakifunga na waya pande zote. Kazi safi sana. Imechukua muda wa kunywa chai tu, na miaka yote sikuifanya. Nimekaa nikiangalia huo mkebe mpaka giza likaingia, na sijawahi kuchukia kazi ya mkono wangu namna hii.

Jumamosi nitanyoa mapema, siwezi kupanda gari la mtu na ndevu. Jumapili nitaamka Syokimau, gorofa ya nne, nyumba ya watu. Hakuna shimo, hakuna shamba. Kuna dirisha, na kuna mtoto amefungwa kidole, naye anafika dirishani. Nitanyoa, nimalize, nitie wembe kwa mkebe, lakini mkebe ukijaa nitabaki nao mkononi.

Mama Wanza, wewe ulikuwa unaziweka wapi?