Ukisema Hapana, Unaruka

Jumatatu, 4 Agosti
Bombani tangu alfajiri. Maji yametoka jua likiwa kali. Nimerudi na ndoo moja, Baba Salima keshaondoka. Kapata kibarua cha mradi: kupita nyumba kwa nyumba na fomu, kuuliza watu wanaishije tangu wanunuzi binafsi wa korosho waje Newala. Mwenzake ni Tekla, msichana wa Bukoba. Suruali ya mitumba, meno meupe. Simpendi.

Jumanne, 5 Agosti
Tekla anamwita mume wangu "Hamisi". Hamisi! Hata mama yangu humwita Baba Salima. Na mimi ananipa shikamoo, utadhani bibi yake. Nimeitikia kwa shingo upande.

Jumatano, 6 Agosti
Wamefanya mazoezi barazani kwetu. Fomu ina njia zake. Ukijibu ndiyo, unaulizwa zaidi. Ukijibu hapana, unaruka sehemu nzima. Tekla anauliza, Baba Salima anajibu.
"Una mke?"
"Hapana."
Na mimi nipo palepale natwanga makopa ya muhogo! Wakafunua kurasa, wakaruka, wakacheka.
Baadaye nikamwuliza. Eti sehemu ya mke ni ndefu, alitaka wamalize haraka. Haya. Wivu umenishika.

Alhamisi, 7 Agosti
Wiki ijayo wanakwenda Masasi. Kulala huko huko. Leo kapiga pasi shati mwenyewe. Siku zote hajui hata pasi inakaa wapi. Jirani kanitazama kwa huruma. Bora angenitukana.

Jumamosi, 9 Agosti
Zamu ya nyumba yetu. Baba Salima haruhusiwi kuhoji kwake, kwa hiyo kauliza Tekla, yeye kakaa pembeni.
Mkuu wa kaya? Mimi. Nyumba ya nani? Ya mama yangu, na mikorosho ni yake. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke.
"Una mume?"
"Hapana."
Tekla akamtazama, akanitazama. "Mama Salima, niandike hivyo?"
Andika.
Akaruka. Mume, kazi ya mume, safari za mume, kurasa zote hizo zikapita. Kalamu ikatua kwenye maji. Nani anateka maji ya nyumba hii? Mimi. Hilo swali halirukwi, uwe na mume au usiwe naye.
Baba Salima jasho lilimtoka. Nilifurahi, tena sana. Kisha nikaenda jikoni nikalia.

Jumapili, 10 Agosti
Nimeamka, ndoo hazipo. Kaenda bombani mwenyewe. Wanawake wamemcheka mpaka basi. Karudi na ndoo nusu, shati la pasi limelowa. Kasema ameomba mwingine aende Masasi, yeye abaki huku. Nimeipokea ndoo.
Jioni kauliza kama nitalibadili jibu langu. Tekla anarudi kuhakiki Jumatano, kabla ya safari ya Masasi. Nimemwambia asubiri, kama mimi ninavyosubiri bombani.