Kikao cha Siku ya Fainali

Tullabin, 2 Oktoba

Mwanangu Tamsin,

Hujambo huko mjini? Sisi wazima, ila goti la baba yako. Tumbo la dada yako Leanne limeshakuwa kubwa. Mtoto ni Novemba.

Sasa nisikilize. Hicho kikao cha wizara yenu cha kuwauliza wananchi kama wadi ya wazazi ya hospitali yetu ifungwe, mlikiweka Jumamosi ya fainali ya futiboli! Saa ileile mpira unaanza! Hata kasisi alikuwa baa, macho kwenye televisheni. Ukumbini tulikuwa mimi, Bi Noreen wa chai, na mbwa wake. Leo gazeti linasema eti "wananchi hawakuwa na pingamizi". Nilipinga mimi, tena kwa sauti! Au mimi si mwananchi? Leanne ajifungulie wapi? Muulize huyo waziri wako.

Mama yako

9 Oktoba

Mama mpenzi,

Habari za nyumbani, na goti la baba? Mimi salama, kazi tu zimenizidi. Mama, punguza hasira. Corrigal kuna hospitali nzuri, saa mbili na nusu tu kwa gari. Kuhusu tarehe, nilikuwepo ikichaguliwa. Waziri alisema siku ya fainali hakuna atakayekuja, tumalize upesi. Ndivyo kazi zinavyokwenda. Haya yabaki kati yetu. Nibusie Leanne.

Mwanao, Tamsin

21 Novemba

Tamsin,

Salamu. Habari za afya ndizo hizi. Wadi ilifungwa Jumatatu, na Leanne hakufika Corrigal. Amejifungulia kwenye kiti cha nyuma cha gari, kando ya maghala ya ngano, mumewe Craig akielekezwa na muuguzi kwa simu, mimi nikimfunika mtoto kwa koti langu. Ni msichana, mzima. Leanne alitokwa na damu mpaka midomo ikawa myeupe. "Saa mbili na nusu tu"! Thubutu kulirudia neno hilo mbele yangu!

Tumekusanya saini za kuitetea wadi, mji mzima. Hata wachezaji wamebisha hodi nyumba kwa nyumba. Kamati ya bunge la jimbo itakuja kutusikiliza. Njoo umwone mtoto.

Mama

14 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Hukunijibu, kumbe ulikuwa unakuja na waziri. Ukumbi ulifurika, watu wakasimama nje juani. Mwenyekiti wa kamati akauliza, "Kwa nini siku ya fainali?" Waziri akajibu, "Bahati mbaya tu, hakuna aliyekumbuka." Loo, mtu mzima na uongo mchana kweupe! Watu walimzomea. Nawe nyuma yake, faili kifuani, unatazama viatu vyako.

Barua yako ya Oktoba ilikuwa mkobani mwangu. Sikuitoa. Nilingoja uinuke useme mwenyewe. Ukainuka, ukamletea maji.

Kamati inapokea maelezo mpaka Ijumaa. Andika ulichosikia, mwanangu, useme wewe. Usipoandika nitaipeleka hiyo barua, na Mungu anisamehe.

Hukuuliza jina la mtoto. Anaitwa Tamsin. Leanne alimpa palepale garini, maana muda wote wa uchungu alikuwa akikuita wewe.

Mama yako