Kitanda au Kiti kwa Mama Yako

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Kwako Mama Bukuru, mke wangu niliyekuacha Kasulu na kichanga mgongoni,

Mwakeye, mwakeye sana. Ukisoma mstari huu jua kwamba mkono unaouandika ni mzima ila umechoka, na mgongo wenye mkono huo umechoka zaidi. Kikohozi cha mtoto kimepungua? Mapacha wanakwenda shule au wanawinda panzi? Maharage yamepata mvua? Nijibu moja moja, usiniandikie "hatujambo" tu kama karani. Kusoma umejifunza kwenye darasa la watu wazima, sasa kutumie.

Mama yako tumefika naye, na jicho limepasuliwa. Habari ya jicho nitakupa, lakini tupite kwanza relini, maana huko ndiko nilikozeekea.

Unakumbuka nilivyojigamba tulipokuwa tunamtoa kwao Munanila. "Mimi reli naijua kama ua wa nyumba yangu!" Ni kweli naijua, lakini naijua ya daraja la tatu, ya kukaa. Zile habari za kulala daraja la pili huku natandikiwa shuka nilikuwa nasimulia tu, mke wangu. Kitanda cha treni nimekilalia safari hii kwa mara ya kwanza. Unisamehe.

Stesheni ya Kigoma niliingiwa na hofu. Tukikata viti, mimi na mama mkwe tutabanana bega kwa bega siku mbili. Mila itakuwa wapi, mimi ambaye tangu nikuoe sijala mbele yake wala kumtazama usoni? Na tukikata vitanda, je, nikipewa cha juu na yeye cha chini, nipitishe miguu yangu juu ya kichwa cha aliyekuzaa? Nikamuuliza karani wa tiketi. Akacheka mpaka kalamu ikamdondoka.

"Wanawake chumba chao, wanaume chumba chao, mzee. Hii ni treni, si gesti."

Nikaona kumbe hata reli inaheshimu wakwe wa Kiha! Nikakata vitanda viwili, kifua mbele.

Hapo ndipo nilipokosea. Niliifikiria aibu yangu, sikuyafikiria macho yake. Mtu asiyeona, asiyejua Kiswahili zaidi ya "asante", nimemfungia na wanawake watano asiowajua. Asubuhi tulipofika Tabora nikaenda kusimama nje ya mlango wao, uso nimeuelekeza ukutani. Mama mmoja akatoka.

"Wewe ndiye mwenye huyu bibi? Hajala, hajanywa, hajashuka kitandani. Tukimsogelea anashika fimbo."

Na kutoka ndani nikamsikia mwenyewe, kwa Kiha: "Nirudisheni kwetu. Bora upofu wa nyumbani." Alikuwa ameshafunga mzigo wake ashuke hapo hapo, asubiri treni ya kurudi Kigoma. Na siku ya kupasuliwa ilishapangwa. Ikipita hiyo, nani ajuaye tungepewa nyingine lini.

Kusema naye uso kwa uso siwezi, kunyamaza siwezi. Nikakimbilia mabehewa ya viti kutafuta mtu wa kwetu, nikamkuta Mama Zuhura, yule mwenye duka la vitenge karibu na msikiti. Nikamweleza. Akanitazama kama pesa mbovu.

"Mwanamume mzima! Unajidai umeizunguka dunia, kumbe unaogopa kanga ya bibi kizee? Mlete huku."

Mwalimu mmoja na mkewe wakapokea vitanda vyetu, tukachukua viti vyao. Walinishukuru sana, mpaka walipogundua wanalala vyumba mbalimbali. Mama yako tukamweka dirishani, Mama Zuhura katikati awe ukuta, mimi pembeni.

"Mwambie mama anywe uji," nasema.

"Mwambie mkwe wangu uji unanuka moshi."

"Mwambie moshi ni wa treni."

"Ebo! Mimi simu ya upepo?" akafoka Mama Zuhura. "Kunywa, bibi!" Akanywa. Akamaliza kikombe, akaomba kingine.

Lakini Dodoma Mama Zuhura akashuka, anakwenda kwa binti yake. Ukuta umeondoka. Nikaweka mzigo wa unga katikati, tukakaa kama watu waliogombana. Mbele kidogo nikasikia, "Minani." Jina langu, Mama Bukuru, mdomoni mwa mama yako! "Mwanangu Minani, bado mbali?"

Nikajibu huku natazama sakafu, "Bado, mama. Egemea ulale."

Akauegemea mzigo, mzigo ukateleza, akaniegemea mimi. Sikusogea. Tunaingia Dar bega limekufa ganzi na miguu imevimba kama mihogo iliyolowekwa. Kama kuna pombe ya kulipia kosa hilo, wazee waipike, nusu nitainywa mwenyewe.

Juzi wamemfungua bandeji. Alitazama kwanza vidole vyake, kisha dirisha, kisha mimi. Akaivuta kanga ajifunike uso kama desturi, halafu akaiacha.

"Kumbe umechoka hivi?" akasema. "Na barua zako zote tunazosomewa zinacheka."

 

Nikamwambia kurudi nitamtafutia kitanda, na mwanamke wa kwetu wa kulala naye chumba kimoja. Akakataa. "Kitandani nitaona nini? Nilikuja kama gunia. Nikatie kiti cha dirishani." Basi tutarudi tumekaa. Mgongo wangu umesikia, umeguna.

Msalimie kaka yangu Nyandwi anayetulimia shamba, na shangazi anayekusaidia kuogesha mtoto. Mapacha wabusu mmoja mmoja, wasigombane. Na baba mkwe mpe salamu za heshima, umwambie anyoe ndevu na afagie ua: mkewe anarudi anaona.

Ni mimi mumeo, mchovu lakini wako,
Minani, Baba Bukuru