Betri ya Urea Nyuma ya Jiko

Jumamosi, Ifakara. Mvua haijakatika tangu saa nne asubuhi.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: nyuma ya jiko letu natengeneza betri. Na leo imekufa.

Tangu nimalize kidato cha nne, nyumbani wanajua nashinda huko nyuma nikiosha vyombo. Mimi ni mtu wa kimya, hakuna anayeniuliza.

Mwaka jana Baba alikuwa anaongeza maji kwenye betri kuukuu ya gari, ile inayotuwashia taa. Tindikali ikamrukia machoni. Jicho moja halioni kabisa, la pili linaona ukungu tu. Msimu huu shamba letu la mpunga analilima mjomba.

Nikasoma kwenye simu kwamba kuna betri za alumini zinazochajiwa. Kinachowasumbua wataalamu ni elektroliti, yaani kile kimiminika cha ndani kinachopitisha umeme. Iliyo nzuri ni ghali, na nyingi zinaunguza. Wengine wamejaribu kuchanganya chumvi ya alumini na urea.

Urea! Ile ile tunayoweka kwenye mpunga.

Nikadhani chumvi yenyewe ni shabu, hii tunayosafishia maji ya kisima. Nikaviyeyusha pamoja kwenye maji, nikakata mfuniko wa sufuria wa alumini, nikachomoa vijiti vyeusi kwenye betri za redio zilizokwisha. Nikaviunganisha kwenye vikombe vitatu vya mchanganyiko huo. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Niliruka peke yangu kama mtoto.

Leo asubuhi, kabla ya mvua, nimejaribu kuichaji kwa sola. Mapovu tu. Mfuniko umetoboka, taa haikurudi.

Nimesoma tena, polepole. Chumvi inayotakiwa siyo shabu, na haitaki maji hata tone. Hata hewa yenye unyevu huifanya itoe moshi unaochoma. Hapa kwetu, masika hii, hata chumvi ya mboga inalowana ndani ya kopo.

Baba akaita kutoka barazani. "Mwanangu, unalia?"

"Moshi, Baba."

"Moshi gani, na kuni zote zimelowa?"

Nikafuta macho kwa kiganja.

"Haya. Moshi ukiisha, njoo unishike mkono. Nataka nisogee niione mvua."

Nimekaa naye mpaka sasa. Sijui nitaipata wapi chumvi hiyo, wala chumba kikavu cha kuifungulia. Labda kwenye maabara ya kidato cha tano, nikichaguliwa.

Wewe uliyesoma hapa, ukipita kwetu ukamwona mzee mwenye miwani myeusi barazani, mpe shikamoo, basi. Habari za betri usimwambie, tafadhali.

Asije akaanza kuisubiri.