Ng'ombe wa Shangazi

Jumamosi, Misikhu

Amekufa. Ng'ombe wa shangazi amekufa huku nimemshika shingo.

Nilitoka Kitale asubuhi, ninakofanya mafunzo ya mwaka wa mwisho ya udaktari wa mifugo. Nilimkuta amelala, povu linamtoka puani. Nilijua mara moja ni ndigana, ule ugonjwa wa kupe, na kwamba tumechelewa.

"Si ndiyo unasomea, daktari wetu?" shangazi aliuliza. "Ataamka?"

Nilimdunga ng'ombe sindano tu.

Baadaye shangazi alinishukuru, ati nimejaribu, akanipikia chai ya rangi. Maziwa hakuna tena.

Jioni ndama naye alikuwa na homa, tezi zimevimba chini ya masikio. Dawa yote nilikuwa nimeimalizia kwa mama yake. Nilijua yule ng'ombe hataamka, lakini shangazi alikuwa ananitazama...