Kiingereza cha Foleni ya Maji

Kikula, Likasi
Tarehe 12 Juni 1994

Mpendwa mwanangu Estelle,

Pokea salamu kutoka nyumba hii uliyokulia. Hujambo? Kifua chako kinaonaje baridi ya huko Kitwe, Zambia? Sisi tunaendelea kwa neema ya Mungu. Magoti yangu tu ndiyo yanayolalamika asubuhi.

Barua yako nimeipokea kwa mkono wa Mama Simone, anayeleta unga kutoka huko. Unasema unakariri kamusi ya Kiingereza, umefika herufi D, na usaili wa shule ya uuguzi, kwa Kiingereza, ni mwezi ujao. Ukikosa mwaka huu, umri utakufungia mlango. Mwanangu, hilo ndilo kosa la wengi: wanameza maneno marefu kwanza, halafu wanatafuta jambo la kusema. Ndiyo maana ulipofanya jaribio ulipanga maneno makubwa hadi mwalimu wako akakuuliza unasema nini.

Nikueleze anavyofanya jirani yetu Alphonse, mwalimu wa Kiingereza. Mishahara imekwama, vitabu hakuna, na maji ya bomba yanakuja yanapotaka. Basi anafundisha hapo hapo kwenye foleni ya maji. Anayefika bombani lazima asimulie kwa Kiingereza jambo lililotokea kwao. Akikwama, anasema kwa Kiswahili, na Alphonse anampa neno moja la kuziba pengo hilo. La pili hatoi.

Wiki iliyopita Providence, binti wa fundi Banza, alitaka kusimulia jinsi baba yake alivyopokea posa. Akakwama, akamgeukia mwalimu.

"Maître, hakukatala, lakini hakuitika mbio. Alikuwa anavuta-vuta miguu."

"Reluctant," akasema Alphonse.

Foleni nzima ikaangua kicheko, maana Banza tunamjua sote. Na jana Mama Germaine, ambaye hajawahi kukaa katika darasa la Kiingereza, alitikisa bidoni yake tupu mbele ya bomba kavu akapaza sauti:

"Eh, Maître! Robinet yako iko reluctant leo tena, sawa Banza!"

"Félicitations, maman, hongera! Weye unapita wanafunzi yangu yote."

"Basi unipe diplome, ama unipe maji!"

Namstaajabia sana mtu huyu. Angeweza kwenda kuchimba mawe ya madini kama wenzake, wala hakuna ambaye angemlaumu. Tena ameona jambo ambalo walimu wangu hawakuliona: neno likikuta jambo lake linalisubiri, linakaa.

Nawe pia nakustaajabia. Bado nakuona ukimuuguza bibi yako Colette wakati dawa zilipokosekana: ulivyomgeuza taratibu, ulivyojua anaumwa kabla hajafumbua mdomo. Hayo ndiyo watakayotaka kuyasikia kwenye usaili. Kiingereza kigumu cha uuguzi utakihitaji, na utakipata, lakini si kwa kufuata herufi.

Nisalimie mama yako mdogo Élise, na mwanawe Gauthier, ambaye nasikia sasa ananipita kwa urefu. Wadogo zako hapa nyumbani, Nicolas na Estelle mdogo, wajina wako, wanakukumbuka kila jioni katika sala. Mungu aingie katika chumba kile cha usaili kabla yako, akuwekee kiti.

Leo hii, ukishakunja barua hii, kaa na Élise umsimulie kwa Kiingereza ulivyomuuguza bibi. Pale utakapokwama pa kwanza, sema kwa Kiswahili, kisha ufungue kamusi utafute neno hilo moja tu.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye,
Octave