Nilijiita Mjumbe

Jumanne, 6 Agosti 1996
Malaba. Malori foleni tangu asubuhi. Nimepeleka karatasi forodhani mara tatu. Mara ya tatu muhuri eti hausomeki. Bosi amenifokea mbele ya madereva. Nimezoea.
Mchuuzi wa samaki ameniletea neno la mama mkwe kutoka Port Victoria. Shule zimefungwa, na Nabwire anauliza kama baba yake yuko hai. Ana miaka kumi na mmoja. Mama yake alipofariki alikuwa na mitano, nikamwacha kwa nyanya yake. Nilisema narudi baada ya Krismasi. Sijawahi kurudi.

Alhamisi, 8 Agosti
Nimevuka upande wa Uganda, nimemnunulia gauni. La njano. Mwuzaji aliuliza mtoto ana urefu gani. Niliinua mkono, nikaushusha, nikauinua tena. Akacheka.

Jumamosi, 10 Agosti
Nimetoka Port Victoria. Afadhali nisingeenda.
Nyumbani hapakuwa na mtu. Nikashuka ziwani. Msichana mrefu alikuwa anaanika dagaa wa omena juu ya wavu.
"Dada, unamjua Nabwire, mjukuu wa Mama Rosa?"
Akasimama wima. "Ni mimi. Wewe ni nani?"
Mwanangu mwenyewe. Nimemwita dada. Nikafungua mdomo niseme, nikasikia natamka kitu kingine: "Nimetumwa na baba yako."
Alipokea gauni kwa mikono miwili. Akalipima kifuani. Dogo sana. Akalikunja vizuri.
"Mwambie asante." Halafu: "Ni mgonjwa?"
Hapana.
"Amefungwa?"
Hapana.
Akarudi kwenye omena wake.

Jumapili, 11 Agosti
Sikuenda kanisani.

Jumatano, 14 Agosti
Nimekosea namba za malori mawili. Bosi amepiga kelele, sikumsikia. Kuna jambo baya kuliko uongo: natamani ningemjibu Nabwire ndiyo, amefungwa. Angalau angekuwa na la kuwaambia watu wakiuliza kwa nini baba yake haji. Mimi ni mwoga. Hakuna jina lingine.

Jumatatu, 19 Agosti
Mchuuzi amerudi. Mama mkwe alimwuliza Nabwire mgeni alikuwa mtu wa aina gani. Nabwire akasema mwanamume mwembamba, kidole kimoja kimekatika, mkono wa kushoto. Mama mkwe akaketi chini. Hajamwambia chochote.
"Amesema uende umwambie wewe mwenyewe," mchuuzi alisema. Hakunitazama usoni.

Jumamosi, 24 Agosti
Bosi amenikatalia ruhusa. Nimeenda.
Mama mkwe alinisalimia, akaingia jikoni, akatuacha uani.
Nikasema, "Sikutumwa na mtu. Ni mimi baba yako."
Nabwire alinitazama. Hakulia.
"Mbona siku ile hukusema?"
"Sikukutambua. Nikaona aibu."
"Hata mimi sikukutambua," akasema. Akachukua ndoo, akaenda kuteka maji. Sikujua kama nimfuate. Sikumfuata.
Jirani wa mama mkwe amenipa kitanda.

Jumapili, 25 Agosti
Bado Port Victoria. Kumenyesha, sasa kumetulia. Asubuhi Nabwire aliniletea chai kwa jirani. Hakuniita baba. Hakuniita kwa jina lolote. Aliweka kikombe, akavuta kigoda karibu na mlango, akakaa hapo mpaka nikamaliza.